Lugha Tuliyoiita Pindo

4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Mimi huku ni mzima, natumaini nanyi wazima. Mama magoti yake vipi? Haya, salamu nimezimaliza, Mama asije akasema naandika barua kama napiga honi. Sasa kaa chini.

Nimepata kazi! Ile kampuni inayotengeneza mashine za kutarizi, hizo hizo mlizonazo dukani, imeniajiri. Na unajua wananilipa nifanye nini? Niiandike Pindo. Lugha yetu, Dada! Ile tuliyoianza kwenye meza ya Mama ya kukatia vitambaa, siku ulipochoka kubofya kila mchoro mshono kwa mshono, nikasema basi tuiandikie mashine maneno iyaelewe: shona, ruka, geuka, kata uzi. Tukaipa jina la utani la Mama, kwa kuwa mtaa mzima humwita Bi Pindo, maana nguo aliyoipinda yeye haifumuki. Leo mabwana wenye tai wanalitamka jina hilo mikutanoni. Mwambie acheke.

Kuna jambo moja tu. Unakumbuka leseni tuliyoiweka: yeyote aichukue Pindo, aisome, aibadilishe, ila naye alichobadilisha akiache wazi kwa wengine. Na kila aliyechangia anamiliki kipande chake. Mwalimu wa hesabu ana mizunguko yake, fundi wa sare za shule ana herufi zake za nembo, wewe una kona. Wanasheria wa hapa hilo linawanyima usingizi. Wanataka kila mmoja atie sahihi kwamba haki zake anaikabidhi kampuni, ili siku mtu akishtaki pawe na mmoja wa kujibu. Karatasi nimeziambatanisha. Wenzetu wanakuamini wewe. Wakikuona umekubali, watakubali.

Na kabla hujauliza: itabaki wazi. Nimewauliza mwenyewe. Naapa kwa Mama.

Mdogo wako

*

21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama anapanda ngazi kwa matusi lakini anapanda. Hongera, tena hongera! Alicheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Halafu akauliza kama hao wenye tai wanajua kupinda.

Sasa nikuulize na mimi, maana mimi ni dada yako na kazi yangu ni kukuharibia sherehe. Kama itabaki wazi, haki zetu wanazitakia nini? Leseni yetu inawaruhusu kila kitu: kutumia, kuuza, kubadilisha. Inawakataza kitu kimoja tu: kuifunga wengine wasiisome. Mtu anayeomba kibali cha kitu kimoja alichokatazwa, bwana mdogo, hicho ndicho anachokitaka.

Nilikaa nazo hizo karatasi juma zima. Mwalimu wa hesabu alikuja dukani, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, miwani puani, akasema haki ukishaikabidhi huna tena. Nikamwambia mdogo wangu ameapa. Akaniuliza, "Ameapa kwa nani?" Nikamwambia kwa Mama. Akamtazama Mama, Mama akaitikia kwa kichwa. Akatia sahihi. Fundi wa sare hakusoma hata mstari. Alisema, "Nyinyi mmesoma, inatosha." Wengine wakafuata. Mimi nilitia mwisho, na sikutia kwa kuwa nimeelewa. Nimetia kwa kuwa ni wewe.

Karatasi zinakuja. Kula vizuri, Mama kasema.

Dada yako

*

9 Oktoba

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tuna afya. Nimeandika mwezi wa nne, wa sita na wa nane. Kama kampuni yenu hairuhusu kujibu dada, sema, nitaelewa.

Fundi wa sare amenunua mashine mpya, hiyo hiyo yenu, amejibana kwa ajili yake. Akaiingizia nembo ya shule aliyoiandika mwenyewe, kwa herufi alizozibuni mwenyewe. Mashine ikaikataa! Ikamwandikia kwamba inasoma Pindo iliyothibitishwa tu, na uthibitisho unalipiwa kila mwaka. Akaja kwangu akidhani amekosea. Tukafungua toleo jipya la Pindo ili tuone tatizo liko wapi. Hakuna cha kufungua. Limefungwa. Huoni ndani, husomi, hubadilishi, na leseni mpya inasema ukijaribu unashtakiwa. Herufi zake zimo humo ndani, na yeye anakodishiwa.

Unajua aliniambia nini? Hakugomba. Aliniuliza tu, "Dada, si nyinyi mlisoma?" Nikatamani sakafu inimeze.

Mwalimu wa hesabu hupita barabara ya pili siku hizi. Mama anauliza kama umeandika. Namwambia una kazi nyingi.

Nijibu. Nataka kusikia kwa mdomo wako kwamba hukujua.

Dada yako

*

30 Novemba

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Poleni na yote.

Nimeandika barua hii nikaifuta sijui mara ngapi. Wakati naapa, niliapa kweli. Mkurugenzi niliyemwuliza aliniambia itabaki wazi, na alikuwa anasema kweli siku ile. Kisha akaja mwingine.

Lakini Dada, na mimi nisikilize. Hiyo "wazi" ilitupa nini? Tuliandika miaka na miaka bure. Viwanda vikubwa viliichukua Pindo, vikatarizi kofia za dunia nzima, na hakuna aliyetuandikia hata asante. Walioandika ni wa kulalamika: kona mbaya, uzi unakatika, rekebisheni haraka! Kana kwamba sisi ni watumishi wao. Ulikuwa unajibu malalamiko ya watu usiowajua huku wateja wako wamekaa kwenye benchi. Hapa kwa mara ya kwanza kuna watu wameajiriwa kuijaribu Pindo kila siku. Makosa yanarekebishwa. Watu hao wanalipwa kwa sababu kuna mlango na kuna tiketi. Ukiacha kila kitu wazi, atakayeshiba ni mwenye kiwanda, si sisi.

Na toleo la zamani hakuna awezaye kuwanyang'anya. Lilitoka wazi, litabaki wazi milele. Lichukueni, liendelezeni. Nani kawazuia?

Hapa sipangi mimi, nakaa mwisho wa meza. Ulitaka nirudi kutarizi nembo?

Mdogo wako

*

17 Januari

Mdogo wangu,

Hatujambo. Magoti ya Mama yamevimba, ni zile ngazi.

Swali lako la mwisho nimelisoma nikiwa natarizi nembo. Asante.

Kuhusu wenye viwanda, umesema kweli, na hilo ndilo linaniuma. Kweli walitunyonya, kweli nilichoka. Ungekuja kwetu ukasema, jamani tumechoka, tufunge tule wote, huenda mimi ningekuwa wa kwanza kukubali. Lakini hukuja kuuliza. Ulikuja na kiapo.

Tumefanya ulivyosema. Tulichukua toleo la zamani, tukalikata tawi, toleo letu wenyewe la kuendeleza. Fundi wa sare alirudi wa kwanza, usiniulize kwa nini, mimi nisingerudi. Mwalimu wa hesabu akaja naye, hanisalimii vizuri lakini kazi anafanya. Mashine za zamani zinalisoma tawi letu bila shida, na watu wa mbali wameanza kutuma vipande vyao.

Halafu ikaja barua ya mwanasheria wenu. Msimbo wa zamani, yale maandishi yenyewe ya lugha, ni halali yetu, anasema, ila jina si letu. Kampuni imelisajili Pindo kwa lugha, kwa mashine, na kwa kazi zote za uzi na sindano. Tawi letu lisiitwe hivyo. Na ubao wa dukani, ulioandikwa "Kwa Bi Pindo" kabla wewe hujazaliwa, nao uondolewe.

Nikamsomea Mama. Sikuweza kumficha, mpiga picha wao alishakuja kuupiga ubao picha. Akauliza, "Jina wamelipata kwa nani?" Nikakutaja wewe. Akaomba rangi. Nikamwambia tukodi mtu, akakataa, akapanda kigoda na magoti yale, akaupaka ubao wote rangi nyeupe mwenyewe. Wapita njia wakamwuliza, Bi Pindo, unabadilisha nini? Akawaambia wasimwite hivyo, wasije wakashtakiwa.

Mtaa ulicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo hajauliza kama umeandika.

Tawi letu halina jina. Tunaliita "ile yetu".

Dada yako

*

12 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nina kikohozi ila si kibaya.

Wamenitoa. Waliwaleta vijana wao wakakaa nami miezi mitatu wakiniuliza hili linafanyaje kazi, lile linafanyaje kazi, nikawafundisha kwa moyo wote, mjinga mimi, kisha nikaitwa ofisini. Nilipotoka, nywila yangu ilikuwa imeshafutwa. Pindo niliyoiandika kwa mikono hii sasa siwezi kuiona hata kupitia dirisha. Cheka, una haki.

Siombi msamaha wa bure. Nimeleta kazi. Unajua kona kali, pale mishono ya ndani inaporundikana, sindano ikapiga palepale hadi uzi ukakatika? Ugonjwa ule umetusumbua tangu meza ya Mama, na ninajua "ile yenu" bado inao, nimesoma malalamiko. Nimepata dawa. Mishono ya ndani unaifupisha mmoja ndiyo mmoja hapana, kwa hesabu inayofuata ukali wa kona. Nimeiandika yote, nimeijaribu, nimeiambatanisha na barua hii. Ipokee. Jina langu msiliweke. Mwambieni mwalimu ni ya mtu wa mbali.

Nakufichulia moja: mkataba wangu unasema chochote nitakachoandika cha kazi hii, hata baada ya kuondoka, kwa miaka miwili ni mali yao. Lakini hii niliiandika nyumbani, kwa kompyuta yangu. Nani atajua?

Nisalimie Mama. Mwambie nataka kuja.

Mdogo wako

*

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na kikohozi, chemsha tangawizi. Pole na kazi pia. Sikucheka.

Barua yako ilipoingia kwenye kompyuta niliona jina lako na kiambatisho. Unanijua. Nilifungua msimbo kabla ya barua. Niliusoma wote nimesimama, mteja ananiita simsikii. Ni mzuri, mdogo wangu. Ni safi. Niliiona kona ikigeuka kichwani kabla mashine haijawashwa, nikapiga kelele, "Mama, ameipata!" Mama akainua uso. Mara ya kwanza tangu Januari.

Kisha ndipo nikasoma barua.

Hivi unafahamu umefanya nini? Kile ulichotuma si chako. Mkono wako umewauzia, na hadi miaka miwili iishe kila unachoandika ni chao. Nikikipokea, siku watakapokitambua, na watakitambua maana vijana wao uliwafundisha wewe, watasema ile yetu ina mali yao ndani. Wataifunga nayo. Herufi za fundi wa sare zitachukuliwa mara ya pili, na mara hii pia kwa mkono wangu.

Nimekifuta. Lakini kichwani sikifuti. Nilimwambia mwalimu ukweli, nimechoka kumwambia uongo kwa ajili yako. Akavua miwani akasema basi mimi kona nisiziguse tena, maana nitakachoandika kitatoka kwako, nitake nisitake. Kona zilikuwa zangu. Ndicho kitu pekee nilichokibuni peke yangu katika lugha nzima. Sasa atajifunza mtu mwingine, kuanzia sifuri, na mimi nitakaa upande wa pili wa chumba nikimtazama akikosea, na siruhusiwi kumwambia.

Hata ulipoleta zawadi umeninyang'anya!

Leseni yetu ni ile ile. Ukitaka kuitumia ile yetu, ichukue, huombi ruhusa kwa mtu, hata wewe. Kuandika humo, hapana. Na usinitumie tena mstari wa msimbo, wala wazo, wala usiniulize tumefika wapi. Nikijua unachofikiri, naharibika.

Kuja, Mama hajasema ndiyo. Nilimwuliza. Alisema "ameshakula?" kisha akaendelea kupinda.

Ukiandika, andika habari za afya tu.

Dada yako

*

19 Agosti

Dada mpendwa,

Shikamoo.

Mimi ni mzima wa afya. Kikohozi kimepungua, tangawizi imesaidia. Ninakula. Mvua huku imenyesha juma lote, leo pamekauka.

Natumaini nanyi ni wazima. Mama magoti yake vipi? Nawe macho yako vipi, bado yanauma ukikaa sana na uzi mweusi? Majirani hawajambo? Duka linaendeleaje? Hilo la duka nalifuta, usilijibu.

Mama magoti yake vipi?

Mimi ni mzima.

Mdogo wako