Shangazi Amepumzika

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo wewe, na wifi hajambo? Miguu yake bado inavimba? Na wale mapacha, wamepona mafua au bado wanapangusia pua kwenye mapazia? Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi, na nikipanda ngazi kidogo tu nahema kama nimefukuzwa na mbwa. Ndivyo kulivyo huku juu. Hewa ni nyepesi, juani unaungua na kivulini unaganda, na ziwa lenyewe ni la buluu mpaka unajiuliza nani kalipaka rangi.

Nakuandikia nikiwa mjini, karibu na gati, kwenye chumba cha wageni chenye mablanketi manne kitandani na bado hayatoshi. Basi la kushuka haliondoki mpaka Jumamosi, lakini dereva wa lori la samaki anateremka leo, naye amekubali kukuletea kifurushi hiki. Najua utasema, Redio mdogo wangu, simu unayo, kwa nini usipige? Kaka, kwenye simu wewe husikilizi. Unasema "enhe, enhe", halafu unaanza kutoa amri. Barua haikatizwi. Tena nataka nikifika nyumbani nikute hasira zako zimeshapoa.

Unachosubiri kusikia nakijua: shangazi anakuja au haji. Subiri kidogo, nitafika. Jibu hilo nikilitoa hivihivi utalipokea vibaya.

Nianze na ule msiba wetu wa aibu. Sikulaumu kwa ile simu. Wewe uko nyuma ya friji la bucha, bisibisi mdomoni, mtu usiyemjua anapiga, anasema yule mama yenu amepumzika huku kisiwani, msimsubiri, na laini inakatika. Mama wa umri ule, aliyekwenda mbali peke yake, likizo ya wiki mbili ikapitiliza ikawa miezi sita, salamu zinaletwa na madereva tu, ukiambiwa amepumzika utaelewa nini? Hata mimi nilipiga yowe. Kufika jioni tayari turubai limesimama, viti vimepangwa, na wapishi wenzake wa shule wamekuja na yale masufuria yao makubwa wakimlilia mama yao. Nilipoambiwa niende nikaulize alipozikwa, nilichukua shuka jeupe la kumfunika kutoka kazini, nikalipiga pasi mwenyewe. Maji ya kunyunyiza sikuhitaji, machozi yalitosha.

Safari ya kupanda huku nitakusimulia siku nyingine. Masikio yaliziba, yakazibuka, yakaziba tena. Nilipofika gatini, simu ya yule mtu haipatikani, na kila ninayemuuliza ananijibu kwamba visiwa vyenye watu ni vinne, yeye alisema kipi? Nikaamua kuvizunguka vyote. Ningefanyaje?

Kisiwa cha kwanza ni kilima kimoja kilichotoka majini, nyumba zimekishika ubavuni. Nikamkuta mama mmoja dukani anapanga sabuni. Nikamuomba kwa sauti ya msiba anioneshe alipopumzika yule mama mgeni. Akaninyooshea kidole bila kuacha kazi yake, akasema ni pale juu kwenye benchi, wageni wote hupumzika pale. Nikapanda huku nalia. Nikalikuta benchi kweli. Nikazunguka nyuma, nikainama kutazama chini yake, kaburi sioni. Mzee aliyekuwa amekaa pale na kikapu cha viazi akanipa peremende, akaniambia nisijali, huu mwinuko huwaliza wengi siku ya kwanza.

Kisiwa cha pili ni cha wavuvi, chini kabisa, maji yanakaribia kuingia mlangoni. Pale walinizunguka wakataka niwaeleze mama huyo alikuwaje. Nikasema ni mfupi, ana mwanya, sauti yake inasikika mtaa wa pili, na hawezi kupita sufuria ya mtu bila kufunua kifuniko. Wakaangua kicheko, kaka! Mimi nimeshika shuka la maiti, wao wanacheka. Wakasema huyo wanamjua, alipita hapo akawaambia mchuzi wao hauna chumvi, kisha akapanda boti ya nahodha wa kofia nyekundu. Sikujua kama kucheka kwao ni ukorofi au ni nini.

Huyo nahodha nilimkuta kisiwa cha tatu, ameipindua boti yake anaziba nyufa kwa lami. Nikaona ndiye aliyetupigia simu, nikamwamkia, nikamshukuru, nikamuomba anipeleke alipomzika. Brashi ikamdondoka. Akaniuliza amzike nani, wakati jana tu yule mama kamtukana kwa kuchelewesha vitunguu.

Nilimpiga na lile shuka. Nakwambia ukweli, nilimpiga, halafu nikamkumbatia na lami zake zote, na shuka ndiyo basi tena, litakuwa la kupigia deki. Maskini yule baba alikuwa anajitetea. Alisema aliambiwa atuambie amepumzika, naye akatuambia amepumzika, kosa lake liko wapi? Huku kwao watu wanapumzika kutwa nzima. Unapanda kidogo, unapumzika. Unabeba ndoo, unapumzika. Anayekufa wanasema amekufa.

Akanionesha mwamba ambapo mtandao unakamata, ndipo nikakupigia. Nilikusikia ulivyolia, usibishe. Lakini kaka, machozi yangu yalikuwa hayajakauka, ukaanza. Basi mlete. Mwambie kwamba wifi yako, ambaye alimwacha hana hata tumbo, anajifungua mwezi ujao. Mwambie bila yeye hatuwezi, mapacha nani aliwalea? Mlete, Redio, usirudi bila yeye. Nikaenda kwenye boti na amri yako, nikiwa nimetoka kubeba kifo chake.

Kisiwa cha nne ni kidogo, kina njia moja tu yenye kuta za mawe pande zote mbili. Mwisho wa njia kuna nyumba ya bibi mmoja mfumaji, anafuma masweta na soksi, sikio moja halisikii. Shangazi yako alikuwa amekaa kwenye ukuta juani, kavaa koti la kiume, miguu ndani ya soksi nene, ameshika kikombe. Mkono mwingine hauna kitu. Kaka, umewahi kumuona shangazi amekaa kabla jua halijazama? Hata harusini kwako alikula amesimama mlango wa jikoni. Mimi nilisimama pale njiani nikamtazama kama mtu nisiyemjua.

Aliponiona alipiga kelele, "Redio!", tukashikana, tukalia, kikombe kikamwagika. Kisha akanisukuma nyuma kidogo, akanitazama usoni, akaniuliza swali. Hilo swali na nilivyolijibu nitakueleza mwishoni.

Nilipomwambia tumemuwekea msiba alijishika kichwa. Alihuzunika kweli, akasema amewatesa watoto wake. Baadaye akataka kujua nani alikuja, nani hakuja, na nani alipika. Nikamwambia walipika wenzake. Akauliza wali uliiva? Nikasema uliungua chini. Akafurahi mpaka akaniongezea sukari kwenye chai.

Sasa sikiliza alivyokwama huku. Alikuja kisiwani kwa siku mbili, akapanga chumba kwa yule bibi. Siku ya kwanza hakuweza kukaa, unamjua, akasema ampikie mwenyeji wake maharage kama shukrani. Akabandika asubuhi. Yakachemka, yakachemka, saa sita mawe, saa tisa mawe, jioni ukiyatupa ukutani yanarudi. Mpishi aliyelisha shule nzima miaka yote hiyo! Akaongeza kuni, akaongeza magadi, akayatukana. Bibi mfumaji alikuwa anamtazama tu anafuma. Ilipoingia giza ndipo akamwambia kwamba huku juu maji yanachemka upesi lakini hayapati moto wa kutosha, maharage hayawezi kuiva hivyo hata yakae mpaka kiama. Shangazi akamuuliza kwa nini hakusema tangu asubuhi. Bibi akajibu kwamba alisema mara mbili, ila mgeni wake alikuwa na haraka. Kisha akamvuta kiti, akampa mkate na maziwa, akamwambia kaa.

Akakaa. Anasema alicheka, halafu akalia, halafu akalala mpaka jua likamwingia dirishani, na alipoamka hakuna aliyekuwa anamhitaji. Kulipokucha tena, vilevile, mpaka siku zikawa miezi. Nahodha alipokuja na mizigo akamwambia atupigie, atuambie amepumzika, tusimsubiri. Hakukosea neno, kaka. Nilimuuliza shangazi. Alisema alilitafuta akaona ndilo hilo.

Nitakwambia na la kwangu, niliona wivu. Jioni ile niliinuka nichukue birika niwamiminie chai, bibi akanikalisha kwa mkono, akasema wageni hawainuki. Akammiminia shangazi, akampa kwa mikono miwili, na shangazi akapokea kama amezoea. Nikajiuliza, sisi tumewahi? Ametutoa kwa marehemu baba wewe ukiwa darasa la pili na mimi nabebwa mgongoni, akatulea. Akitoka kupikia watoto wa watu anakuja kutupikia sisi. Ukaoa, akakulelea mapacha. Mimi kazi yangu ni kunyoosha mashuka ya watu wa hoteli wapate usingizi, na sijawahi kumtandikia shangazi yangu kitanda. Nililia ndani ya mablanketi ya bibi wa watu, na kwa sababu yeye hasikii sikio moja, nililia upande huo.

Asubuhi nikajaribu kumtania. Nikamwambia shangazi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wewe jembe lako liko wapi? Hakucheka. Alinishika mkono akasema, mwanangu, mimi jembe nilipewa kwanza. Sasa nazidai siku zangu mbili.

Basi nikafunga mdomo, mimi, Redio. Amri yako ikabaki tumboni.

Sasa nifike kwenye lile swali. Kaka, kaa chini kama umesimama. Shangazi aliponitazama usoni siku ile njiani, hakuniuliza nimefikaje, wala kuna amani nyumbani. Aliniuliza, "Nani ana mimba?"

Alikuwa ameanza kuinuka. Hilo ndilo lililonikata maini. Hakuwa na hasira, hakulalamika. Aliweka mkono ukutani, akashusha mguu mmoja chini, anatafuta kiatu chake kwa kidole gumba ili aingie ndani afunge mizigo. Angekuja, kaka. Ningesema neno moja tu, angekuwa hapo kwako kesho kutwa, amefunga kanga kiunoni, anachemsha maji ya mtoto.

Nikamwambia, "Hakuna, shangazi."

Akanitazama sana. Nikarudia, hakuna, nimekuja kukuona tu. Akaurudisha mguu wake juu ya ukuta.

Nimemficha mtoto wako, kaka. Mtoto wa kaka yangu wa pekee, nimesema hayupo. Unikasirikie, una haki, na wifi naye ana haki zaidi. Lakini nikirudishwa pale njiani leo nitajibu vilevile. Anatupenda, usije ukafikiri vingine. Anataja majina yenu kila anapokula. Anasema ipo siku atakuja kwa hiari yake, na atapiga hodi kama watu wengine. Ikifika hiyo siku, wewe ndiye wa kumvutia kiti. Usimfuate. Nakuomba, usipande huku kumfuata.

Mtoto nitamshika mimi. Nimeshaamua kuomba likizo yangu yote kazini. Najua namwogesha mtoto kama wewe unavyoimba, lakini tutajifunza, na wewe mikono yako inayofungua friji haitashindwa kufunga nepi.

Mwambie wifi nampa pole na miguu, aiweke juu ya mto, na asinichukie kabla hajanisikiliza. Mapacha wabusu, mmoja mmoja, wasije wakagombana. Wale wapishi wa shule wape salamu za shangazi, uwaambie yuko mzima na habari za wali zimemfikia.

Na hicho kilichofungwa kwenye karatasi ya kaki ni chenu. Jana, nilipokuwa nimeshakaa kwenye boti na nahodha amewasha injini, shangazi alinitupia mapajani, akapaza sauti ili nisikie. "Mpelekee huyo Hakuna," akasema. Nikafungua tukiwa katikati ya ziwa. Ni kofia ya sufu, ndogo, hata ngumi yangu haiingii. Mishono yake inapanda na kushuka, maana kufuma ndiyo kwanza anajifunza. Amesema ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu, bila kukamuliwa, na aifue baba yake.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Redio