Kisima Kilichokuwa Kikavu

Akinyi nyakwara, mjukuu wangu,

Huku Ogwedhi tunaamka salama. Ng'ombe wako amezaa ndama jike, tumempa jina lako maana ni msumbufu vilevile.

Umeniuliza kama ardhi kavu inaweza kutunza hizo taka za nyuklia unazosomea huko ng'ambo. Mimi najua kisima kimoja tu.

Kabla sijaolewa hapa, wanaume walichimba kisima wakapata vumbi. Wakaona hapo ndipo pa kuzika dawa ya josho iliyoharibika, ile sumu ya kupe. Wakafunika kwa mabati na mawe ili mvua isiingie. Walifanya kazi safi.

Baadaye ikaja miaka ya mvua isiyojua kukoma. Nilikuwa bibi arusi, sijui chochote. Asubuhi moja sisi wake wachanga tukasikia maji chini ya mabati, tukayafunua kwa vigelegele. Maji hayakupitia juu, yalipanda kutoka chini. Nilikuwa nimeshainama kuchota, mama mkwe akaninyang'anya mtungi akaupasua.

"Walizika kwa mvua waliyoijua," akasema. "Hii ni nyingine."

Basi ukionyeshwa shimo kavu, mama, uliza litakuwaje mvua ikibadilika.

Juzi, katika hii mvua ya El Nino, bibi arusi wa jirani alipita na ndoo akielekea kule kisimani, akiimba. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilikimbia, Akinyi. Kwa magoti haya unayoyajua, nilikimbia.

Dani, nyanya yako