Baba, Legeza Kwanza Waya wa Klachi

Lembeni, kwa Mjomba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia hata huku chini. Je, kifua cha Bibi kimepata nafuu? Na mgongo wako unaendeleaje tangu muanze kubeba tangawizi begani mpaka barabarani? Mimi ni mzima, masomo yanakwenda, na joto la Lembeni nimelizoea, isipokuwa saa za mchana.

Mama ameniambia kwamba Jumamosi mnunuzi wa vyuma chakavu anapanda Myamba, na kwamba utampa pikipiki. Naomba usimpe kabla hujaisoma barua hii ukiwa umechuchumaa kando yake. Kuna jambo nimeliona hapa gereji kwa Mjomba na bado sijatulia.

Juzi alikuja mfugaji wa huku tambarare, Mzee Lemayani, na pikipiki ya zamani kama yetu, ya kupiga kiki tu. Vijana wawili walikuwa wakiisukuma. Alieleza kwamba kiki inashuka kama anakanyaga uji, na siku ikiwaka, injini inapiga kelele lakini mwendo hakuna, halafu inanuka kuungua. Nilishtuka, maana ni maneno yako yaleyale. Mjomba akaniuliza mimi naonaje. Nikajibu kama unavyojibu wewe, kwamba injini imechoka.

Mzee Lemayani akacheka. "Mtoto wa Kipare huyu, watu wa kupenda mahakama. Kesi haijasikilizwa, ameshahukumu."

Mjomba alifungua plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kukanyaga kiki. Cheche ilitoka, ya bluu. Plagi yenyewe ilikuwa na unyevu wa petroli, kwa hiyo mafuta yalikuwa yanafika. Akairudisha, akatia gia, akaachia klachi, akaniambia nisukume. Pikipiki ikatembea kama baiskeli. Alinieleza kwamba ikiwa kwenye gia tairi la nyuma linatakiwa kugoma, kwa sababu linalazimika kuzungusha injini. Hapa nguvu ilikuwa inapotelea katikati ya injini na tairi, kwenye klachi.

Kisha akanishikisha mkono wa klachi. Unatakiwa ucheze kidogo kabla haujaanza kuvuta waya. Huu haukucheza hata kidogo. Waya ulikuwa umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Ni kama mtu asiyeonekana alikuwa ameibana klachi nusu, mchana kutwa.

Akamwaga oili na kufungua kifuniko cha ubavuni ili aone kama sahani za klachi zimeungua. Baba, nilitegemea kuona meno makubwa au bolti nene. Nikaona sahani nyembamba zimepangwa pamoja, moja ya chuma, inayofuata ina gamba gumu, zote zinang'aa kwa oili. Hakuna kilichozifunga moja kwa nyingine. Springi ndogo zinazibana zishikane, basi. Nikaufikiria mlima wote ule, wewe na Mama na gunia la tangawizi, miaka yote mmepandishwa na vitu vilivyoshikana tu. Nilizikodolea macho mpaka Mjomba akaniuliza kama naumwa.

Sahani zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi lakini unene bado ulikuwepo. Akazirudisha, akatia oili mpya, akalegeza nati ya waya kidogo. Niliposukuma tena ikiwa kwenye gia, tairi liligoma, nikabaki nimeinama. Kiki nayo ikawa nzito. Mzee Lemayani akaikanyaga mwenyewe, ikawaka. Safari hii hakucheka. Aliweka kiganja juu ya tangi akakiacha pale, kama anavyomshika ng'ombe aliyekuwa amelala mgonjwa akasimama.

Sasa nisamehe kwa hili, Baba. Unakumbuka masika yaliyopita gia zilipokuwa zinagoma kuingia, ukakaza waya, mimi nikakushikia spana? Nadhani ulipitiliza kidogo. Hatukugundua mapema kwa sababu nyumbani tunaiegesha ikitazama bondeni. Kiki ni pigo moja, lakini mteremko mrefu unaiburuta injini mpaka inaamka. Huku tambarare hakuna mteremko wa kuuficha ugonjwa.

Nilimwomba Mjomba akupigie simu. Alikataa. "Andika wewe. Mimi shemeji yangu ataniambia nilete mashahidi."

Basi legeza nati mpaka mkono wa klachi ucheze kidogo tu. Tia gia, achia klachi, sukuma. Tairi likigoma, injini yetu ni nzima. Lisipogoma, huenda sahani zimekwisha, na Mjomba anasema sahani hubadilishwa. Ukijaribu yote ikakataa, muuzie huyo mtu, sitasema neno.

Msalimie Mama, aliyenifundisha kuuliza mara mbili. Msalimie Bibi, mwombezi wetu, na mdogo wangu Elineema, ambaye sasa mbuzi wote ni wake kuwachunga. Mama Mchungaji anapanda kesho, ndiye atakayekuletea barua hii.

Shule inafunga mwisho wa mwezi. Siku hiyo nitasimama na begi langu kando ya barabara, nikitazama upande wa kutokea Same. Nina hakika mlio wa pikipiki yetu nitautambua kabla sijakuona.

Binti yako akupendaye,
Nakijwa