Swali la papa wa Shabunda

Dada Neema,

Natumaini huko Geita mnaliona jua. Bukavu mvua haijakatika tangu nifike, na ziwa nimelitazama kupitia dirisha tu. Leo nilizungumza na wataalamu wa madini wa kanda hii kuhusu hewa mbaya mashimoni. Walipiga makofi, wakapanda magari yao, nikabaki ukumbini na sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa hapa, nikila peke yangu.

Mmoja wao akarudi, papa mmoja, ndivyo wanavyomwita baba hapa, msimamizi wa wachimbaji huko Shabunda.

"Maman, mudogo yangu alishuka mu shimo, hakupanda tena. Ile hewa inaumizaka mutu?"

Nikamuuliza kama mdogo wake alipiga kelele.

"Hapana. Tulimuita, akanyamaza tu."

Nikamweleza ninavyojua: hewa ikikosekana namna hiyo, mtu hupoteza fahamu upesi, pengine hata kabla ya kuogopa. Hakulia. Alivuta kiti, tukala sambaza. Alipoinuka akasema, "Nitaambia mama yetu. Iko anauliza kila siku kama aliumia."

Nimerudi chumbani na sina wa kumsimulia. Laiti ungekuwa hapa, hata kama ni kukaa kimya tu. Mwambie shemeji asishuke shimoni kabla feni haijawashwa, hata wenzake wakimcheka. Mwambie leo, usiningoje mimi.

Nawakumbatia wote, watoto kwanza.

Mdogo wako,
Rehema