Baba Yako Bado Anamsukuma Kurwa

Nyumba ya pili nyuma ya uwanja wa ndege,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Shikamoo yako ilinifikia kwa simu, marahaba. Hujambo huko ughaibuni? Kifua kimepona? Mkeo na watoto je? Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyo utayasoma.

Kampuni ya ndege ya baba yako imekwisha. Mimi shangazi yako nakuandikia waziwazi kwa sababu yeye hatakuambia, nawe ulikuwa rubani wake.

Wajua ilivyopaa. Ndege mbili za viti tisa, Kurwa na Doto, zikibeba wagonjwa, walimu na maboksi ya vifaranga. Bila shaka wamkumbuka Mama Mizani, aliyepima abiria pamoja na mizigo yao. Mkandarasi mmoja mnene alimfokea, "Unanipima kama gunia?" Akajibiwa, "Gunia halibishi, baba. Panda." Foleni nzima ikaangua kicheko. Siku hizo tulikuwa watu.

Kisha barabara ya lami ikafika, abiria wakahamia kwenye mabasi. Vipuri vilipokosekana, baba yako alimvua Doto ili amvike Kurwa: leo pampu, kesho gurudumu. Doto akabaki bati tupu, na Kurwa hakufika mbali. Mwezi wa pili injini zake zote mbili zilishushwa, zikauzwa.

Hata hivyo, kila asubuhi baba yako huenda kumsogeza, eti matairi yasibonyee upande mmoja. Huwaomba wapita njia wamsaidie. Fundi alimwuliza, "Mzee, hii haina injini. Tunaisukuma iende wapi?" Akajibu, "Mwanangu akirudi aikute tayari." Fundi akageuza uso.

Maneno hayo ameyatoa kwako. Kila ukimpigia simu unamwambia kwamba mtaruka tena, ilhali mimi umeniambia kuwa umepata kazi ya kudumu na hutarudi. Huo si wema. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Wenye uwanja wametangaza kwamba mwisho wa mwezi Kurwa atakatwa, awe vyuma chakavu. Baba yako ameapa kulala chini ya bawa. Namjua mdogo wangu, atalala.

Jana nilikwenda kumweleza yote. Nilimkuta peke yake, bega lake kwenye mhimili wa bawa, viatu vikiteleza. Nilifungua kinywa. Kisha nikaweka mkoba chini, nikasukuma.

Ndege ikasogea. Akacheka kama siku ya safari ya kwanza. "Umeona, dada? Bado mwepesi!"

Ni mwepesi, mwanangu, kwa kuwa ndani hamna kitu. Sikuweza kumwambia. Mwambie wewe, kabla wenye misumeno hawajafika.

Nisalimie mkeo na wajukuu zangu. Mama Mizani na fundi wanakusalimu. Baba yako hajui kwamba nimeandika. Mungu akujalie ulimi mpole na moyo thabiti, maana utavihitaji vyote viwili.

Wako akupendaye, hata anapokukaripia,
Shangazi