Mishale Uliyochora Mkononi

Kaka Kasereka,

Nakuandikia kutoka Mulekera, hapa Beni, kwa binamu yetu Muhindo, kwenye nyumba ambayo hukuifikia. Kesho asubuhi mimi na mama tunarudi Butembo, na nina woga.

Bado nakukasirikia. Kalamu yako ya biki ulikuwa nayo. Karatasi ilikushinda nini? Mwenzako alipokufundisha siri ya ule mchezo wa video unaochezwa kwenye televisheni, uliiandika mkononi: mishale juu, juu, kushoto, kisha vitufe B, A, C, ili umpelekee Muhindo hapa Beni. Ulituambia watengenezaji wa mchezo waliacha ndani yake ukurasa wao wa kujaribia, umefichwa, na ukibonyeza hivyo unafunguka. Mtu mzima, kaka, ukapanda lori la viazi wakati wa vita kwa ajili ya mchezo!

Dereva alitusimulia. Kwenye bariera, kile kizuizi cha barabarani, askari alikushika mkono akasema, "Hii iko code ya adui." Wewe ukacheka. Daima ulicheka kwanza, ukaeleza baadaye. Kwa nini, kaka? Siku moja tu ungeanza kueleza. Hawakungoja, wakakupiga risasi.

Ulipoletwa nyumbani, mama aliusugua ule mkono kwa sabuni hadi alama zikafutika. Mimi nilikuwa nimeshazisoma. Nilijua mama anaogopa kwamba huenda askari hakukosea. Mtaani walikuita mpelelezi. Kanisani watu walihama benchi letu, na mama akaanza kusali nyuma kabisa, karibu na mlango.

Ndiyo maana nilimleta hapa barabara ilipotulia kidogo. Muhindo aliwasha jenereta, nami nikashika manette, kile kidude chenye vitufe vya mchezo. Mara ya kwanza nilibonyeza vibaya, mama akainuka aende zake. Nikarudia, nikitaja kila alama kwa sauti. Ukurasa ukafunguka! Muhindo alipiga kelele, halafu akalia. Nikachagua jaribio moja humo, na yule mtu mdogo wa mchezo akapenya kuta, risasi zikimpitia bila kumdhuru.

Mama alisogelea televisheni. "Huyu hapana kufa?" Nikamwambia hafi. Akasema, "Donc, basi, mutoto yangu alikuwa anapeleka hii tu."

Halafu akaomba biki. Aliniamuru nimwandikie alama zote mkononi, nami nikaandika, maana nani anaweza kumkatalia mama yetu? Kesho atapita bariera ile ile, mkono wa blauzi umekunjwa. Nimembembeleza aoshe. "Baache basome," amenijibu, akimaanisha hao askari. Na Jumapili anataka tukae benchi la mbele.

Basi pumzika, kaka. Kesho nitakaa juu ya lori kando ya mama, upande wa mkono huo. Wakiuliza, nakuahidi nitaeleza kwanza, polepole, hadi waelewe. Tukifika nyumbani ndipo nitacheka, kwa niaba yako.

Dada yako,
Kavira