Kwa Nini Sitakuwa Walii wa Suad

Ilford, London
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mpendwa shemeji Zahra,

Assalaam alaykum. Presha imeteremka? Najua umerudia chumvi, kwa hiyo usinijibu "alhamdulillahi" ya heshima tu. Huku sisi wazima, ila moyo wangu haujatulia. Barua hii nimeianza mara tatu tangu asubuhi, na kila nikikaa nainuka. Simu sipigi, maana kwenye simu tutapigiana kelele.

Nilikukubalia kwamba mwezi ujao nitakuja Wete kumwozesha Suad, kwa vile baba yake ni marehemu na kaka yake Riyadh ulimi wake mzito. Neno hilo naliondoa. Soma sababu kwanza, kisha unigombeze.

Unajua kazi yangu ni kuwahudumia watu wenye ulemavu. Mmoja wao ni Solomon, Myahudi wa miaka thelathini, anayetumia kiti cha magurudumu, na maneno humtoka kwa taabu kama Riyadh. Kila Jumamosi namsukuma hadi sinagogi lao. Rabi wao ni mwanamke, ndiyo, Rabi Tirza, mfupi na mkali. Alipofika aliikuta meza ya kusomea Taurati juu ya jukwaa la ngazi tano. Kamati ikamwambia ngazi zile zimekuwepo tangu enzi za babu zao. Akaishusha meza sakafuni, na sasa kila msomaji husomea chini, anayetembea na asiyetembea. Waliokasirika wakahama. Hakuwafuata.

Jana ilikuwa zamu ya Solomon kuitwa mezani aseme dua kabla ya kusomwa Taurati. Dua yenyewe ni mistari miwili. Akakwama neno la tatu. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Rabi, si mwenzake amsemee tu? Watu wana njaa."

"Chakula hakikimbii," Rabi akamjibu. "Keti."

Nikafurahi, shemeji. Unajua ninavyopenda kuona mkubwa akinyamazishwa. Kisha Rabi akamwinamia Solomon, akamuuliza kama anataka maji. Kabla hajafungua kinywa nikajibu mimi: hataki, tuendelee.

"Bwana Matar, nimemuuliza Solomon."

Solomon alitaka maji. Akanywa, akaanza upya, akaimaliza dua yake kwa dakika nane, na ukumbi mzima ukaitikia amina. Mimi nimesimama nyuma ya kiti chake, uso unaniwaka. Miaka minne namjibia mtu yule, kwa mdomo huu huu unaogombana na manispaa, magazeti na maimamu kwamba wanyonge hawasikilizwi.

Njia nzima nilimfikiria Riyadh. Ana miaka ishirini na sita, anatengeneza simu za nusu ya Wete, na kwa kusoma anatupita sote. Sheria yetu inataka walii awe Mwislamu, mtu mzima, mwenye akili timamu. Sijaona kitabu kinachodai ulimi mwepesi. Kaka akiwepo, ami hana zamu. Wewe na mimi tuliyajua hayo, tukayaruka kwa kuogopa kwamba upande wa bwana harusi watacheka. Wacheke. Kadhi naye asubiri, hatakufa.

Utasema Riyadh mwenyewe hataki. Inawezekana. Nani amemuuliza? Siku ile simu yako ilikuwa kwenye spika, naye alikuwa chumba hicho hicho. Nilimsikia akikohoa, nikaendelea kupanga. Hilo ndilo linaloninyanyua kitini tangu asubuhi.

Nitakuja, tiketi ninayo. Akiniomba mwenyewe nimwakilishe, nitasimama. Asiponiomba, nitakaa mkekani nyuma kama ami mwingine yeyote.

Msalimie Suad, na umwambie sikatai harusi yake. Msalimie dada Nasim na wanawe. Mola akupe afya, na aijaze ndoa hii mapenzi na huruma.

Mahmood anasafiri Alhamisi, atakuletea bahasha hii. Ndani kuna karatasi ya pili niliyoikunja na kuibandika. Ni ya Riyadh: namtaka radhi, kisha namuuliza. Usimfungulie, usimsomee, na jibu lake usinipe wewe.

Mimi nikupendaye, hata ukinikasirikia,
Shemeji yako Matar